Toa Tatu, Ndipo Useme

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote katika kisa hiki, ni haki ieleweke kwamba barua ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na tarehe, ilikuwa na majonzi ya kiasi, yaani ya kumlainisha mtu bila kulowesha karatasi, na ilimalizika kwa sahihi yenye mkia. Kasoro yake ilikuwa moja tu: marehemu aliyeiandika hakuwahi kuiona.

Iliandikwa na binti yake, mwanafunzi wa bweni wa miaka kumi na sita ambaye shule nzima, kuanzia Mkuu hadi paka wa jikoni, ilimjua kwa jina la Kizaazaa. Aliiandika saa ya kujisomea, nyuma ya atlasi iliyosimamishwa wima kama ukuta wa ngome. Kazi hiyo hakuianza juzi. Kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa ofisi ya posta ya bweni: ruhusa za wazazi, vyeti vya maumivu ya tumbo, salamu za mjomba mahututi. Masomo mengine hayakumpenda sana. Katika fizikia kila kipimo alichochukua kilikuwa na upungufu uleule, hata mwalimu akaandika kwenye ripoti: *Mzembe, lakini mwenye msimamo.* Katika barua, hata hivyo, hakuwa na mpinzani, na bweni lilikuwa limemfundisha ukweli mmoja mkubwa: mtu asiye na karatasi ni uvumi tu.

Siku ile alihitaji sana kuwa zaidi ya uvumi. Mama yake alikuwa ametangulia kabla binti hajaota meno, na baba yake, seremala, alimfuata miaka miwili iliyopita. Tangu hapo Kizaazaa alikuwa akizimaliza likizo bwenini, yeye na popo wa darini. Sasa wakubwa walikuwa wameamua kwamba bweni lifungwe wakati wa likizo, na kila mwanafunzi awe na mlezi aliyetia sahihi kwenye fomu. Matroni alimkabidhi fomu yake asubuhi na kusema, kwa sauti isiyo na ukali hata chembe, jambo lililomtisha Kizaazaa kuliko ukali wote:

"Saa kumi kamili nitakufuata huko unakosema. Fomu ikiwa tupu, kesho unahamia kituo cha watoto. Si mimi, mwanangu. Ndivyo walivyoamua."

Kwa hiyo saa nane mchana Kizaazaa alikuwa amesimama ndani ya karakana ya useremala, kati ya duka la mshonaji na ghala la magodoro. Mkononi alikuwa na nyundo ya baba yake, ambayo mpini wake ulichomwa alama ya karakana ile, na mbele yake mwanamke mrefu mwenye penseli sikioni alikuwa akiisoma barua kwa mara ya pili.

Mwanamke huyo alikuwa dada wa baba yake. Shangazi, kwa maneno mengine, ingawa bado hakuwa amekubali cheo hicho. Nyuma yake, kwenye meza ya kazi, mzee mwenye macho yaliyoingia ukungu alikuwa akipapasa ubao taratibu, kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Huyo alikuwa babu yake.

"Soma kwa sauti," alisema mzee.

Shangazi hakusoma kwa sauti. Aliikunja barua mara moja, akaikunjua tena.

"Nani ameandika hii?"

"Baba," alisema Kizaazaa. "Alipokuwa mgonjwa. Kabla hajafariki."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya ubao.

"'Mzazi wangu mtukufu,'" Shangazi alisoma, na kila neno lilitoka kama limeshikwa kwa koleo. "Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumwita baba yetu mzazi mtukufu. Hata baba hatumwiti. Tunamwita Fundi. Mimi nilimwita Fundi kabla sijajua kutambaa. Halafu, kaka yangu alitumia mkono wa shoto. Maandishi yake yalilala nyuma, kama mtu aliyevutwa shati na mbwa. Haya yamelala mbele." Akaigeuza karatasi, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. "Na kaka yangu alianza lini kuandikia kwenye madaftari ya shule ya wasichana?"

Kizaazaa aliangalia. Kwenye kona ya chini, muhuri wa shule uliogongwa kwenye ukurasa wa juu yake ulikuwa umepenya na kuacha kivuli cha buluu. Miaka mitatu ya kazi safi, na muhuri unamwaibisha siku hii!

"Sawa," alisema. "Barua nimeiandika mimi. Lakini mimi ni mtoto wake kweli. Na kweli amefariki. Barua ndiyo ya uongo, Shangazi, kifo si cha uongo."

"Usiniite Shangazi."

"Barua ndiyo ya uongo," alirudia Kizaazaa, "kifo si..."

"Nimekusikia. Umeleta uongo mkono mmoja na maiti mkono wa pili, halafu unataka nichague." Shangazi aliichana barua vipande viwili, akavitia kwenye pipa la maranda. Na hapo Kizaazaa aliona jambo ambalo hakulitarajia. Usoni mwa mwanamke yule, chini ya hasira, kulikuwa na ahueni. Mabega yalikuwa yameshuka. Alikuwa anapumua kama mtu aliyeambiwa kwamba ile mashine ya hospitali ilikosea. Kama binti huyu ni tapeli, basi kaka yake bado yu hai mahali fulani, anapiga randa na kusahau kuandika.

Kizaazaa alielewa papo hapo ukubwa wa shimo aliloingia. Hakuwa akiomba kukubaliwa tu. Alikuwa akiwaomba watu wawili wamzike mtu wao, kwa ushahidi wa karatasi iliyo kwenye pipa.

"Nina nyundo yake," alisema, akaiinua.

"Wa kwanza naye alikuja na nyundo," alisema Shangazi.

Huyo wa kwanza alikuwa kijana mmoja mwenye meno mazuri. Alifika miaka mitatu nyuma akidai ni mwana wa yule kaka aliyepotea. Alijua jina la mtaa waliokulia, alijua hata jina la paka aliyekufa zamani, maana maneno ya seremala mpweke hutembea, na nyundo hutembea pia. Akapewa kitanda, akapewa ufunguo, akaitwa mwanetu. Siku ya thelathini aliamka mapema kuliko wote, na alipoondoka karakana ilibaki na meza na kuta. Randa, misumeno, patasi, hata kopo la gundi lililofunguliwa, vyote vilimfuata. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Shangazi alikuwa ameumwa kuanzia kisigino hadi utosini.

Kizaazaa hakujua afanye nini na mikono yake. Ukutani palikuwa na ufagio na sakafuni palikuwa na maranda hadi vifundoni. Akaunyakua ufagio ili angalau aonekane ana faida.

"Weka chini," alisema Shangazi. "Mgeni hashiki ufagio wa watu. Kaa pale kwenye benchi. Mikono mapajani. Usiguse msumari." Akaichukua ile fomu na kusoma namba ya simu iliyoandikwa juu yake. "Kwa nini huyo matroni wako angoje saa kumi? Simu yangu iko kwa fundi redio inachajiwa. Namwambia aje sasa hivi akuchukue."

"Mwache akae tu hadi saa kumi," alisema mzee. Ilikuwa sauti ndogo, iliyotumika kwa uangalifu.

"Fundi, wa kwanza ulisema hivyohivyo." Na Shangazi akatoka.

Walibaki wawili. Kizaazaa alikaa na mikono mapajani kama sanamu ya mwanafunzi bora. Alitamani kumwambia mzee jambo, lakini kila sentensi iliyomjia kichwani ilikuwa na harufu ya barua. Hayo ndiyo malipo ya kipaji: ukizoea kutunga, hata ukweli unatoka ukiwa umechanwa nywele.

Mara akatokea mwanamke mnene mwenye utepe wa kupimia shingoni na pini kumi na mbili kifuani. Alikuwa Mama Cherehani, mshonaji wa mlango wa pili.

"Fundi! Kizingiti changu!" alilia kutoka mlangoni. "Mlango umenitundikia tangu jana, sawa, nashukuru, lakini chini kuna uwazi wa kupitisha mbuzi. Panya wa ghala la magodoro wanaingia kwangu kama wamealikwa harusini. Kuna mmoja amelala ndani ya gauni la bibi harusi. Nimwambie nini mteja? Kwamba ni urembo?"

"Ubao ninao," alisema mzee. "Ni huu mmoja, wa mti mgumu, sina mwingine. Ninachokosa ni macho ya kunisomea upana. Binti yangu ametoka."

"Mimi usiniangalie. Miwani yangu imekaliwa na mteja, na mteja mwenyewe si wa kukalia kitu kikabaki."

Mzee aligeuza uso wake wenye ukungu upande wa benchi. "Wewe wa pale."

Kizaazaa alishtuka. "Mimi? Mimi ni mwongo, Fundi."

"Nimesikia. Mwongo wa barua si lazima awe mwongo wa futi. Chukua ile ya chuma hapo msumarini, nenda upime kati ya mwimo na mwimo wa mlango, chini kabisa, kisha unipigie kelele."

Alienda. Duka la mshonaji lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Alipiga magoti mlangoni, akabana kichwa cha futi kwenye mwimo wa kushoto, akaivuta ile chuma hadi mwimo wa kulia, akaisoma mara mbili, kwa sababu alijua ubao ni mmoja na nafasi ni moja. Kisha akapaza sauti kupitia ukuta:

"Themanini na nne!"

Mzee hakuhitaji futi. Pembezoni mwa meza yake, tangu macho yalipoanza kumuaga, alikuwa amepigilia safu ya misumari midogo, mmoja kila sentimita na mnene kila ya kumi. Alitembeza kidole juu yake, akahesabu, akakuna alama kwenye ubao kwa ukucha wa patasi. Akashika msumeno. Aliukata ubao ule polepole, kwa pumzi moja ndefu. Kipande kilipoanguka, Kizaazaa, aliyekuwa amerudi na kusimama kwa mbali, alihisi furaha ndogo na ya kijinga. Alikuwa ameshiriki kazi. Kwa dakika nzima hakuna aliyemkumbusha kwamba si wa pale.

Dakika hiyo iliisha mlangoni kwa Mama Cherehani.

Mzee aliinama, akaulaza ubao chini, akausukuma hadi ukagusa mwimo wa kushoto. Upande wa kulia alipapasa, akatafuta, na vidole vyake viwili vikazama kwenye nafasi tupu.

"Hicho si kizingiti, Fundi," alisema Mama Cherehani. "Hilo ni daraja lililoishia katikati ya mto."

"Matroni yuko njiani," ilisema sauti ya Shangazi nyuma yao. Kisha akaona. Alimwona baba yake amepiga magoti, akauona ubao wa mwisho, akaiona futi ya chuma bado iko mkononi mwa Kizaazaa, na hakuhitaji kusimuliwa.

"Nani amempa futi?"

"Mimi," alisema mzee.

"Wa kwanza aliiba randa," Shangazi alisema taratibu, na utaratibu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Huyu haibi. Huyu anaharibu. Tumekaa na ubao huo miaka saba, Fundi. Saba! Anakuja mtu na uongo wake, anakaa nusu saa, na ubao umekwisha."

"Sikukusudia!" Kizaazaa alipiga magoti na kupima tena. Futi ilisema themanini na saba, bila aibu yoyote. "Ni themanini na saba. Naona ni themanini na saba. Hata mara ya kwanza niliona hivyo. Nilisema ngapi?"

"Ulisema nne, mwanangu," alisema Mama Cherehani. "Hata panya walisikia."

"Basi ni ile..." Uso wa Kizaazaa uliwaka moto. "Ni ugonjwa wangu. Hata shuleni niko hivihivi. Mwalimu wa fizikia amechoka nami. Sikukusudia, wallahi."

"Toka," alisema Shangazi. "Kamngojee matroni wako barabarani."

Kizaazaa aliiweka futi chini. Alikuwa ameshapiga hatua mbili mzee alipouliza, bila kuinuka:

"Umepungua ngapi?"

"Fundi, jamani, ubao umeshaharibika, ngapi ya nini?"

"Nimeuliza umepungua ngapi."

Shangazi aliokota futi, akainama, akapima ule uwazi. "Tatu," alisema. Halafu akafunga mdomo ghafla, kana kwamba neno lilikuwa limemng'ata ulimi.

Mama Cherehani aliangalia huku na huku, akitafuta wa kumweleza hiyo tatu ina nini.

"Wewe binti," alisema mzee. "Nani alikufundisha kupima?"

"Baba."

"Alikuambiaje? Maneno yake yenyewe. Usiyapambe."

Kizaazaa alijaribu kukumbuka bila kutunga, kazi ambayo hakuwa na mazoezi nayo. "Alisema, 'Kinachosomwa hakisemwi. Toa tatu kwanza, ndipo ufungue mdomo.' Nilikuwa na miaka minne. Nilidhani watu wote duniani hupima hivyo. Nilipofika shuleni nikachekwa, lakini mkono na mdomo vilikuwa vimeshazoea. Nikiwa na hofu ndiyo inanitoka kabisa."

Mzee aliinuka kwa kushika mwimo. "Mlete Hakimu," alimwambia binti yake.

"Fundi, maneno hufundishwa. Wa kwanza alijua hadi jina la paka."

"Wa kwanza alipima vizuri," alisema mzee. "Mwezi mzima hakukosea hata mara moja. Ningekuwa na akili ningemfukuza siku ile ile. Mlete Hakimu."

Hakimu alikaa juu ya mlango wa karakana, kwa ndani, amefungwa kwa kitambaa kama kichanga. Alikuwa rula ya mbao ndefu kama mguu wa mtu mzima, nyeusi kwa mafuta ya mikono, yenye alama zilizochongwa kwa kisu na babu wa mzee huyu. Ulikuwa ukisoma kwa Hakimu, hakuna aliyebishana. Lakini Hakimu hakuwa na mwanzo. Zamani sana, mtoto mmoja wa nyumba ile alimtumia kunyooshea mstari, akapitisha msumeno juu ya ubao na juu ya Hakimu pia, na sentimita tatu za kwanza zikaanguka sakafuni. Mzee alikataa kutengeneza mwingine. Alisema kosa la ndani halitupwi, linahesabiwa. Tangu siku hiyo, kila mtoto wa nyumba ile alijifunza kusoma kwa Hakimu, kutoa tatu, ndipo aseme. Vibarua walipewa futi ya chuma. Hakimu hakuguswa na mtu wa nje, na yule wa kwanza, pamoja na meno yake, hakuwahi kujua kwamba yupo.

Shangazi alimleta, akakifungua kitambaa. Kizaazaa alisogea, akaangalia alama ya kwanza, na maneno yakamtoka kabla hajayachana nywele.

"Kipimo kinaanzia tatu! Kama cha baba!"

"Cha baba yako kipi?" aliuliza mzee. "Hakimu hajawahi kutoka nyumba hii."

"Alichonga chake. Kilikuwa kipya kabisa, cheupe, na alama ya kwanza akaandika tatu. Nilimuuliza kwa nini asianzie sifuri. Akasema kikianzia sifuri mkono wake unapotea njia."

Mzee aliketi kwenye ngazi ya duka la mshonaji, bila kuangalia kama pana vumbi. Siku mwanawe alipotaka kwenda kutafuta kazi mbali, alimwambia kwa hasira, ukitoka usirudi. Na mwana yule, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutii jambo, akatii hilo moja. Sasa mzee alikuwa anaambiwa kwamba huko mbali, mbele ya ubao mzuri usio na kosa lolote, mtu yule alichonga kosa la kwao kwa makusudi, ili asipotee.

Lakini Shangazi bado alikuwa amesimama. Alikuwa amemkumbatia Hakimu kifuani, na macho yake hayakumwacha Kizaazaa.

"Alikuambia nani aliyemkata?"

Swali hilo lilikuwa na majibu mawili. Jibu la kwanza lilijulikana na ukoo mzima: aliyemkata ni mwana wa kiume, na alichapwa viboko sita. Jibu la pili Kizaazaa alipewa na baba yake hospitalini, mwishoni, kama mtu anayegawa vitu vyake vidogo. Aliyemkata Hakimu alikuwa dada yake, mwenye miaka tisa, akitengeneza kitanda cha mwanasesere. Kaka aliokota msumeno na kwenda mwenyewe kwa baba yao kusema ni mimi. Alivyoambiwa, kabla yake walilijua watu wawili tu duniani, na mmoja alikuwa amekufa.

Kizaazaa alijua alichoshika. Neno moja tu, ni wewe, na hakuna ambaye angemwita tapeli tena. Fomu ingetiwa sahihi. Bweni zima lingeshuhudia kwamba hakuwahi kupata siri akaacha kuilipua. Lakini mzee alikuwa ameketi palepale, na Mama Cherehani alikuwa na ulimi wenye kasi kuliko cherehani yake, na mbele yake mwanamke wa miaka hamsini na kitu alikuwa ameishika rula kama mtoto wa miaka tisa anayengoja fimbo. Mbali, mwisho wa mtaa, mwavuli wa kijani wa matroni ulitokeza kwenye kona.

"Alisema ni yeye," alisema Kizaazaa, akiangalia maranda yaliyonata viatuni. "Alichapwa viboko sita. Alisema hakulia hata kimoja. Aliyelia ni dada yake, nyuma ya mlango, na akalia kwa vyote sita. Alisema kwamba maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumlilia hivyo."

Hakuna aliyemwona Shangazi siku ile nyuma ya mlango. Aliyejua alikuwa upande wa pili wa mlango huo, akihesabu.

"Basi ni kweli," alisema Shangazi, kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Basi amekufa kweli."

Akaketi karibu na baba yake kwenye ngazi, Hakimu juu ya magoti, na akalia kama alivyolia zamani, bila kujificha nyuma ya kitu. Mzee aliweka mkono wake mgongoni kwake. Mama Cherehani alivua utepe shingoni, akaushika tu. Kizaazaa alibaki amesimama katikati ya njia, hajui kama anaruhusiwa kulia na watu hawa, hadi mkono wa Shangazi uliponyooka bila kuangalia, ukamshika kiganja, ukamvuta chini wakajibana watatu kwenye ngazi ya watu wawili.

"Fundi," Shangazi alisema kati ya kwikwi, "ni mimi niliyemkata."

"Najua," alisema mzee.

"Unajua?"

"Mkato ulikuwa wa mkono wa kulia. Yeye alikata kwa shoto."

"Mbona ulimchapa?"

"Alikuja mwenyewe na msumeno mkononi. Mtoto akikuletea uongo mzuri namna ile kwa ajili ya dada yake, utauharibu kwa moyo gani?" Alipangusa pua. "Sasa huyu naye kaleta barua. Angalau tunajua ameirithi wapi."

Matroni alipofika, saa tisa na nusu, alikuta watu watatu wenye macho mekundu wakigundisha kipande cha ubao, upana wa sentimita tatu, kwenye mwisho wa kizingiti.

"Kiraka mlangoni kwangu!" Mama Cherehani alikuwa akilalamika, ili watu wapate pa kushika. "Wateja wangu watasema nini?"

"Waambie ni ukoo wetu umebaki hapo," alisema mzee. "Wakanyage kwa adabu."

Shangazi alichukua fomu, akatoa penseli sikioni, akairudisha, akaomba kalamu. Kwenye nafasi ya uhusiano na mwanafunzi aliandika neno moja, akalikandamiza hadi likatokeza upande wa pili wa karatasi.

"Mama, nina wajibu wa kukueleza kabla hujatia sahihi," alisema Matroni. "Mtoto huyu ana barua za wazazi arobaini, na hana wazazi. Mwaka juzi alitumia kijiti chake cha kupimia kulegeza waya wa kengele, shule nzima ikalala hadi saa tatu asubuhi. Kijiti chenyewe kibovu, hakina hata sifuri. Bado kimo kabatini mwangu."

Shangazi na mzee waligeuka kwa pamoja.

"Kilete," alisema Shangazi, na akatia sahihi.

Matroni alipokwisha kuondoka na mwavuli wake, Kizaazaa alirudi karakanani na kusimama mlangoni, mikono ikining'inia. Shangazi alimpita, akautoa ufagio ukutani, akamsukumia kifuani.

"Maranda haya yanamngoja nani?"

"Si ulisema mgeni hashiki..."

"Fagia."

Kizaazaa akafagia. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini nyumba ile ilikuwa na hesabu yake. Siku ya tatu, toa tatu, ndipo useme: sifuri. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Hakimu mwenyewe, Kizaazaa hakuwahi kuwa mgeni pale hata siku moja.